Mfaransa aliyetunga kwa Kiitaliano: jibu kuhusu «O dolce notte» na nyimbo za sauti nne za Philippe Verdelot

Swali: «Mimi ni mwalimu wa kwaya yenye waimbaji 24. Nimepewa nota za wimbo mfupi wa sauti nne uitwao O dolce notte. Juu ya karatasi limeandikwa jina la Philippe Verdelot, na nimeambiwa kwamba alikuwa Mfaransa, lakini maneno yote ni ya Kiitaliano. Wanakwaya wangu wanasema ni wimbo wa kanisa kwa kuwa mstari wa kwanza una neno sante, yaani takatifu. Je, ni kweli? Ilikuwaje Mfaransa akatunga kwa lugha ya watu wengine? Na kwaya ya ukubwa wetu ikiuimba, tutakuwa tumekosea?»

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, nianze na lile ambalo wanakwaya wako wanalisubiri. Wimbo huu si wa kanisa. Ni wimbo wa jukwaani, uliotungiwa mchezo wa kuigiza wa kuchekesha, na anayeusifu usiku ndani yake ni mtu anayengoja kukutana na mpenzi wake. Maneno ni ya Niccolò Machiavelli, yule yule anayejulikana duniani kote kwa kitabu chake cha siasa, Il Principe. Mchezo wenyewe unaitwa La Mandragola. Unamhusu Callimaco, kijana wa Firenze aliyeishi Paris miaka mingi, ambaye amempenda Lucrezia, mke wa mwanasheria mzee aitwaye Nicia, na kwa msaada wa ujanja mwingi na kasisi mmoja asiye mwaminifu anafanikiwa kuingia chumbani kwa bibi huyo. O dolce notte umewekwa baada ya sehemu ya nne, pale usiku wa hila hiyo unapowadia. Sante hapa ni utakatifu wa lugha ya wapenzi, kama mtu anavyoweza kuiita siku aliyofunga ndoa siku takatifu bila kukusudia ibada. Kama kwaya yako huimba ndani ya misa tu, wimbo huu hauna nafasi huko. Kama mnafanya pia matamasha, hakuna neno chafu ndani yake, na ninauhesabu miongoni mwa nyimbo nzuri kabisa za sauti nne zilizotoka katika karne ya 16.

Ili usinichukulie kwa neno langu tupu, maana yake kwa Kiswahili ni hii: ewe usiku mtamu, enyi saa takatifu za usiku mtulivu, mnaowasindikiza wapenzi wenye shauku; ndani yenu hukusanyika furaha nyingi kiasi kwamba ninyi peke yenu ndiyo sababu ya roho kupata heri; ninyi huwapa wapendao tuzo lao la haki baada ya taabu ndefu; ninyi, enyi saa za heri, hufanya kila kifua kilichoganda kiwake mapenzi.

Sasa nije kwa mtunzi. Verdelot alizaliwa Ufaransa katika miaka ya 1480, na jina lake ni jina la kijiji kilichoko mashariki ya Paris. Zama hizo makanisa makubwa ya kaskazini ya Ufaransa na nchi jirani za Flandria yalikuwa na shule za watoto waimbaji, ambako kijana alijifunza kusoma nota, kuimba na kutunga tangu akiwa mdogo. Wakuu wa Italia walikuwa na fedha na makanisa ya fahari, lakini walikuwa na kiu ya waimbaji waliofundishwa namna hiyo, na kwa hiyo waliwaajiri kutoka kaskazini kizazi baada ya kizazi. Heinrich Isaac, Mflandria, alikuwa ameitumikia Firenze kabla ya Verdelot na akafia huko mwaka 1517. Adrian Willaert, naye mtu wa kaskazini, alishika uongozi wa muziki wa kanisa la San Marco mjini Venezia mwaka 1527. Verdelot alikuwa mmoja wa watu wa msafara huo wa kutafuta riziki. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anamtaja kwa jina la Verdelotto Mfaransa anaposimulia kwamba Sebastiano del Piombo alimchora mjini Venezia pamoja na mwimbaji mwenzake. Unaona kwamba Waitaliano walilipa jina lake mwisho wa Kiitaliano, lakini utaifa wake hawakuusahau.

Alikuja kuwa mtu wa Firenze kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1520. Kati ya mwaka 1523 na 1527 aliongoza waimbaji wa kanisa la ubatizo la San Giovanni na wale wa Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore, chini ya ukoo wa Medici, watawala wa mji huo, na mmoja wa ukoo huo, Giulio, alichaguliwa kuwa Papa Klementi wa Saba mwezi Novemba 1523. Kazi ya mchana ilikuwa ya Kilatini. Alitunga moteti nzito, yaani nyimbo za kanisa za sauti nyingi, na mojawapo, Gabriel archangelus, baadaye ilichukuliwa na Palestrina mwenyewe, mtunzi mkuu wa muziki wa kanisa, akaijengea misa nzima. Jioni ilikuwa na muziki mwingine. Firenze ilikuwa mji wa watu walioipenda lugha yao hadi kukesha wakibishana juu yake, waliomsoma Petrarca, mshairi wao wa karne ya 14, kama sisi tunavyomsoma Muyaka, na waliotaka mashairi yao yaimbwe kwa namna inayoyaacha yasikike. Hapo ndipo Mfaransa huyu alipoingia, akawa mmoja wa waasisi wa aina mpya ya wimbo uliokuja kuitwa madrigali. Kitabu cha kwanza kuchapishwa kikiwa na neno hilo kwenye jina lake kilitoka Roma mwaka 1530, na nyimbo za Verdelot zimo ndani yake.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hili, kwa sababu jibu la maswali yako yote limejificha hapo. Kabla ya madrigali, wimbo wa kawaida wa Kiitaliano ulikuwa na sauti moja ya juu iliyobeba maneno, na sauti za chini zikiisindikiza, mara nyingi kwa vyombo. Tena ulikuwa wa beti, nota zile zile zikirudiwa kwa kila ubeti, maneno yawe ya kilio au ya kicheko. Madrigali ilibadili mambo mawili. Sauti zote nne zilipewa maneno, na muziki ukaacha kurudi nyuma, ukaufuata ushairi mstari kwa mstari hadi mwisho. Mashairi yenyewe hayakufungwa na idadi moja ya mizani. Mtunzi wa maneno alichanganya mistari ya mizani saba na ya mizani kumi na moja kadiri alivyopenda. Hesabu mwenyewe katika wimbo ulio nao: O dolce notte, o sante ni mizani saba, ore notturne e quete ni saba, ch'i disiosi amanti accompagnate ni kumi na moja. Mstari mfupi unavuta pumzi, mrefu unaitoa, na muziki wa Verdelot unapumua pamoja nao.

Cosimo Bartoli, mtu wa Firenze aliyemfahamu na kumwita rafiki, aliandika katika kitabu kilichochapishwa Venezia mwaka 1567 kwamba katika nyimbo za Verdelot kuna wepesi na uzito, upole na huruma, haraka na taratibu, wema na hasira, kila kimoja kulingana na maneno yanavyodai. Nimezisoma sifa nyingi za watunzi wa zama hizo, na nyingi ni maua matupu. Hii ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo chumbani. Na mimi naamini, kwa kuzisikiliza nyimbo hizi miaka mingi, kwamba ugeni wake ulimsaidia. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha huyapitia maneno yake mbio, kwa mazoea. Aliyejifunza ukubwani husikia kila silabi, hujua mkazo uko wapi kwa sababu alilazimika kuutafuta. Katika O dolce notte sauti nne hutamka karibu kila neno kwa pamoja, bila kukimbizana, bila mapambo, kana kwamba mtunzi aliogopa kupoteza hata silabi moja ya rafiki yake. Yeye aliyejua kusuka sauti tano na sita katika moteti hakufanya hivyo kwa kukosa ufundi. Alichagua.

Urafiki wake na Machiavelli, au tuseme ushirikiano wao, tunaweza kuutazama kwa karibu katika usiku mmoja. Tarehe 13 Januari 1525, nje ya lango la San Frediano, tajiri mmoja mwenye tanuri za matofali, Jacopo Falconetti, ambaye watu walimwita il Fornaciaio, aliwafanyia karamu kubwa wakubwa na wadogo wa mji. Alikuwa amemaliza muda wa adhabu ya kukaa mbali na mji, na alitaka furaha yake ionekane. Bustani ilisawazishwa ili kupata mahali pa kuigizia, na mapambo ya jukwaa yalifanywa na Bastiano da Sangallo. Mchezo ulikuwa Clizia, mpya kabisa kutoka kwa Machiavelli, na muziki ulikuwa wa Verdelot. Kabla ya neno lolote kusemwa, walitokea waimbaji wanne, nimfa mmoja, yaani binti wa misituni wa hadithi za kale, na wachungaji watatu, wakaimba Quanto sia lieto il giorno, kwamba siku hii ni ya furaha iliyoje, siku ambayo mambo ya kale yanaonyeshwa na kuadhimishwa mbele ya marafiki waliokusanyika, nasi tunaomaliza umri wetu misituni tumekuja pia, mimi nimfa na sisi wachungaji, tukiimba pamoja mapenzi yetu.

Soma tena maneno hayo, mwalimu: mimi nimfa, na sisi wachungaji. Mwanamke mmoja juu, wanaume watatu chini. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu. Kila sauti ilikuwa na mtu mmoja. Nimfa anaaminika kuwa Barbera, mwimbaji maarufu wa Firenze ambaye Machiavelli alimpenda wazi wazi katika uzee wake. Mwaka ule ule Machiavelli alimwandikia Francesco Guicciardini, aliyekuwa gavana wa Papa katika jimbo la Romagna na aliyetaka La Mandragola ionyeshwe katika mji wa Faenza, kwamba walikula chakula cha jioni pamoja na Barbera wakazungumzia mchezo, na kwamba yeye Barbera alijitolea kuja na waimbaji wake kuimba kati ya sehemu moja na nyingine, naye Machiavelli akaahidi kutunga maneno. O dolce notte ni tunda la ahadi hiyo. Safari ya Faenza haikufanyika, lakini wimbo ulibaki.

Ulibakije, hilo nalo linafundisha. Zama hizo hapakuwa na karatasi moja inayoonyesha sauti zote nne, moja juu ya nyingine, kama uliyonayo mkononi. Kila sauti ilikuwa na kitabu chake, na aliyeimba besi hakuona anachokiimba wa juu yake, ilimlazimu asikilize. Seti nzuri kuliko zote yenye nyimbo za Verdelot iliandikwa kwa mkono Firenze katika miaka ya 1520, moteti 30 na madrigali 30, ikapelekwa kuwa zawadi kwa Mfalme Henri wa Nane wa Uingereza. Wimbo wako umo. Leo vitabu vinne vya seti hiyo viko katika Maktaba ya Newberry, mjini Chicago, na kile cha sauti ya alto kiko katika chuo cha Oscott, karibu na Birmingham. Bahari ya Atlantiki imekaa kati ya alto na wenzake, na kwa muda mrefu waliozichunguza nyimbo hizo walilazimika kufanya kazi sauti moja ikiwa haipo.

Zawadi hiyo ilitoka katika mji uliokuwa hatarini. Tarehe 6 Mei 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliingia Roma na kuipora. Mwezi huo huo Firenze iliwafukuza Medici ikajitangaza tena kuwa jamhuri, Machiavelli akafariki tarehe 21 Juni, tauni ikapita, na kuanzia Oktoba 1529 hadi Agosti 1530 mji ulizingirwa. Kumbukumbu za Firenze hazimtaji tena Verdelot baada ya hapo. Kati ya nyimbo zake kuna Italia mia, wa sauti tano, kwa maneno ya Petrarca anayeilia nchi yake kwa majeraha anayoyaona juu ya mwili wake mzuri, ingawa anajua kusema hakutaponya, na anayeitaja mito ya Tiber, Arno na Po. Machiavelli alilichagua shairi hilo hilo kufungia Il Principe, akinukuu mistari yake michache mwishoni mwa kitabu. Mfaransa, ambaye mfalme wa nchi yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiigombania Italia kwa mizinga, aliyatungia maneno hayo sauti nzito zisizo na pambo. Kila ninapousikia sioni mgeni hapo.

Nyimbo zenyewe zilimwacha mwenyewe nyuma zikaenda mbali. Venezia ilianza kuchapisha vitabu vya madrigali zake mwaka 1533. Mwaka 1536 Willaert alichapisha nyimbo zake 22, ikiwemo ile ya karamu ya Falconetti, akiwa amezipanga upya kwa mwimbaji mmoja na luti, chombo cha nyuzi kilichotokana na udi wa Waarabu, udi huo huo tunaousikia katika taarabu ya Unguja. Sauti ya juu iliimbwa, zile tatu za chini zikapigwa kwa vidole. Kwa hiyo tayari katika zama zao watu hawakuona dhambi kuziimba kwa namna nyingine, na hapa najibu kwa moyo mweupe: kwaya yako haikosei ikiuimba. Ila watu 24 wakiimba kwa nguvu waliyoizoea kwenye nyimbo za shangwe, mtapata sauti nene isiyo na neno ndani yake, na wimbo huu bila neno haubaki na kitu. Mimi ningechukua wanane, wawili kwa kila sauti, au kumi na wawili wasiozidi hapo.

Angalia pia sauti ya alto. Iliandikiwa mwanamume wa sauti ya juu, ndiyo maana katika nota zako hushuka mahali ambapo akina mama wa alto hupoteza sauti. Wape alto hao mwanamume mmoja wa teno mwenye sauti ya juu, au pandisheni wimbo wote kwa hatua moja au mbili. Zama hizo hapakuwa na kipimo kimoja cha urefu wa sauti, kwa hiyo hamtavunja sheria yoyote.

Kwa matamshi, waimbaji wa Kiswahili wana bahati. Irabu za Kiitaliano ni safi kama zetu, na mkazo wa maneno mengi hapa huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu: notte, sante, amanti. Silabi gn isomeke ny, kwa hiyo ogni ni «onyi». Gelato ni «jelato». Dolce ina ch ya chakula. Quete ni «kwete». Matatizo ni mawili. La kwanza, konsonanti mbili hushikwa: notte isiwe «note», ulimi usimame kidogo juu ya t kabla ya kuiachia. La pili, irabu mbili zinazokutana kati ya neno na neno huimbwa ndani ya mizani moja: notte, o sante huwa «notto» iliyobeba irabu mbili kwa haraka, e kisha o, bila kukatwa. Mkizitenganisha, mstari unakuwa na mizani nane na nota hazitatosha. Katika mstari wa mwisho, ogni gelato petto arder d'amore, neno arder limekatwa kutoka ardere, na mkazo wake uko mwanzoni, mahali pale pale ambapo waimbaji wetu watauweka wenyewe.

Anza mazoezi bila nota. Wote wanane wayasome maneno kwa mwendo wa mazungumzo, taratibu, kama watu walio nje gizani wasiotaka kuwaamsha wenye nyumba, mpaka wapumue mahali pamoja. Kisha wape nota, na mwendo huo usiubadilishe.